Pesa Ziko Benki, Jina Haliko

Kabla jua halijachomoza vizuri, soko la Madaraka mjini Thika limeshachangamka. Kreti za nyanya zinashushwa, kabichi zinarushwa mkono kwa mkono kutoka juu ya lori, na vijana wa mikokoteni wanapaza sauti wapishwe njia. Mama aliyekuja kununua kreti mbili akauze rejareja Kiandutu au Makongeni analipa kwa mafungu mawili: noti zilizofungwa kwenye pindo la leso, na kilichosalia kwa simu. Anaingiza namba ya siri huku ameikinga simu kwa kiganja, anangoja ujumbe, anamwonyesha muuzaji kioo. Muuzaji anaitikia kwa kichwa, kreti zinapakiwa. Benki haimo katika biashara hiyo, au ndivyo macho yanavyoona.

Picha hiyo imezaa imani iliyokita mizizi Kenya nzima, kwamba suala la mfanyabiashara mdogo na benki lilishakwisha. Husemwa kwenye makongamano ya Nairobi, huandikwa magazetini, na hata wenye vibanda huirudia: simu imetosha. Anayedai akaunti ya amana kwa ajili ya muuza nyanya huonekana kama mtu aliyelala tangu Machi 2007, M-Pesa ilipozinduliwa. Takwimu nazo hugongwa juu ya imani hiyo kama muhuri. Uchunguzi wa FinAccess wa mwaka 2006 uliwakuta watu wazima wanaotumia huduma rasmi za fedha wakiwa asilimia 26.7. Ule wa 2024 ukawakuta ni asilimia 84.8.

Hakuna haja ya kuzipinga takwimu hizo. Kinachopaswa kupingwa ni mzigo zinaobebeshwa. Asilimia 84.8 ni hesabu ya watu waliopata mlango wa kuingilia. Haisemi wakishaingia wanakuta nini. Uchunguzi huohuo una kipimo kingine kisichopigiwa tarumbeta, kinachoitwa afya ya kifedha, yaani uwezo wa mtu kuyamudu matumizi ya kila siku, kuhimili mkosi na kuwekeza kwa ajili ya kesho. Mwaka 2016 waliofikia kiwango hicho walikuwa asilimia 39.4. Mwaka 2021 walishuka hadi 17.1, na 2024 wakawa 18.3. Korona na bei za vyakula vinaeleza sehemu ya anguko hilo. Lakini nchi ambayo karibu kila mtu mzima ana mkoba wa fedha mfukoni, na chini ya mmoja kati ya watano ndiye anayeweza kusimama akipigwa na msiba, haina sababu ya kutangaza kwamba kazi imekwisha.

Anayesema muuza nyanya hana haja ya benki na ajiulize pesa za mama huyo zimelala wapi usiku huu. Hazimo ndani ya simu. Kila shilingi inayosomeka kwenye kioo lazima iwe na shilingi halisi inayolingana nayo, iliyowekwa na wadhamini katika akaunti za benki za biashara. Kwa maneno mengine, pesa za muuza nyanya ziko benki, sawa na za mwenye kiwanda. Benki inazikopesha, inanunulia hati za serikali, inapata faida. Riba inayolipwa kwenye akaunti hizo za udhamini haimfikii mwenye salio. Huelekezwa kwenye shughuli za hisani. Zahanati na madarasa yaliyojengwa kwa hisani ni kazi njema na hakuna anayepaswa kuikejeli. Hata hivyo mama wa Kiandutu hakuulizwa kama yuko tayari kuchangia, na kwake mchango huo si mdogo.

Huyu basi ni mweka amana kamili, ila jina lake halimo kitabuni. Hana taarifa ya akaunti yenye nembo ya benki. Hana riba. Hana afisa wa mikopo anayejua kwamba amekuwa akizungusha fedha kila siku kwa miaka 9 bila kukosa. Benki inazo pesa zake lakini haimjui, na siku atakapoingia kuomba mkopo wa kununua friji ataambiwa hana historia.

Wapo watakaojibu kwamba hivyo ndivyo fedha za simu zilivyo duniani kote, kwamba mamilioni ya salio ndogondogo hayawezi kugawiwa riba bila gharama kuzidi faida. Jibu liko kusini mwa mpaka. Mwaka 2014 Tigo Pesa ya Tanzania ilichukua faida iliyokuwa imejikusanya katika akaunti ya udhamini, TSh bilioni 14.25, ikawagawia wateja na mawakala wake, na baada ya hapo ikaendelea kugawa kila robo mwaka. Muuza dagaa wa Mwanza alipata kidogo, mwenye salio kubwa akapata zaidi, na mitambo haikuanguka. Kilichowezekana Tanzania miaka kumi na zaidi iliyopita hakiwezi kuitwa ndoto Kenya.

Riba, hata hivyo, ni sehemu ndogo ya shauri hili. Muuza nyanya hatatajirishwa na asilimia 5 ya salio la KSh 3,000. Jambo zito zaidi linaonekana Ruiru, mji jirani wa Thika katika Kaunti ya Kiambu.

Ruiru ilikuwa na watu 238,858 katika sensa ya 2009. Sensa ya 2019 iliwakuta 490,120, karibu maradufu ya wakazi wa Thika, ambayo ni mji wa zamani na wa viwanda. Barabara kuu ya Thika, iliyofunguliwa Novemba 2012, iliwasogeza wafanyakazi wa Nairobi mpaka kwenye mashamba ya zamani ya kahawa, na kila nyumba ya kupanga iliyoinuka ilihitaji milango, madirisha, mageti na matangi. Kwa hiyo kutoka Kimbo hadi Kamakis mafundi wa kuchomelea wamejaa kando ya barabara, cheche zikiruka, mageti yamesimamishwa ukingoni yakisubiri rangi. Vyuma vyenyewe mara nyingine havikusafiri mbali. Kampuni ya Devki ina kiwanda cha chuma hapohapo Ruiru.

Fundi wa geti hufanya kazi kwa malipo ya awali. Tuseme geti ni KSh 45,000 na mteja anatuma 20,000 za kuanzia ili fundi akanunue vyuma. Mteja anatuma kwa namba ya simu anayoijua, ile ya fundi mwenyewe, ambayo pia ndiyo anayotumia kulipia kodi ya nyumba na kuitisha gesi. Wiki iliyopita fundi alikuwa amekopa KSh 4,300 kwa Fuliza, mkopo wa M-Pesa, kumalizia karo. Pesa za mteja zinapoingia tu, deni linakatwa kwanza, bila kuuliza pesa hizi ni za nani na zimekuja kwa kazi gani. Zinabaki 15,700. Jioni anapiga simu ndugu kutoka kijijini. Mtoto wake kalazwa. Fundi hawezi kusema hana, maana dakika tano zilizopita simu ililia mbele ya mkewe na kila mtu nyumbani anajua geti limelipiwa. Anatuma 3,000. Asubuhi dukani, vyuma vya geti vinataka 18,500 naye ana 12,000 na kitu. Geti linachelewa wiki mbili. Mteja anamwita mwizi, na hakuna aliyeiba.

Ndivyo biashara ndogo zinavyokufa, na jinsi hiyo haitajwi kwenye ripoti. Uchunguzi wa Shirika la Takwimu la Taifa wa mwaka 2016 ulikadiria kwamba biashara ndogo na za kati milioni 2.2 zilikuwa zimefungwa katika miaka mitano, karibu nusu ya hizo zikiwa hazijatimiza hata mwaka. Kila mtu ana maelezo yake: mtaji haba, ushindani, ushuru. Maelezo yote hayo ni ya kweli. Lakini mtaji mara nyingi haukuwa haba, ulivuja. Ulichanganyika na pesa za unga, za karo, za matanga, kwa sababu haukuwa na mahali pake.

Hapa watetezi wa simu huitaja Pochi la Biashara, au namba za Lipa na M-Pesa, kwamba sasa mfanyabiashara anaweza kutenga pesa za kazi na za nyumbani. Ni hatua nzuri, na fundi asiyeijua aelezwe leo. Ila pochi hiyo nayo ni mkoba uleule: haina riba, haina muda maalumu, hailindi pesa dhidi ya mkono wa mwenyewe saa nne usiku. Wengine hutaja M-Shwari, iliyoanza Novemba 2012, ambayo kweli ni akaunti ya benki, hulipa riba na hupokea pesa kutoka M-Pesa bila ada. Hoja hiyo ina nguvu kuliko nyingine zote, na inastahili kuheshimiwa. Inathibitisha kwamba benki inaweza kumfungulia mtu akaunti ya amana kwa kitambulisho na laini ya simu, bila foleni, bila fomu za kurasa sita. Kama hilo limewezekana kwa mtu binafsi, kwa nini biashara yake ikataliwe? M-Shwari ni ya fundi kama baba wa familia. Geti halina akaunti. Na watu wengi mitaani wanaijua zaidi kama njia ya kupata mkopo. Huweka fedha kidogo ili kiwango cha kukopeshwa kipande, kisha huzitoa.

Kuna kauli nyingine inayotolewa kwa sauti ya chini zaidi, na kwa dharau zaidi: watu hawa hawaweki akiba kwa sababu hawana nidhamu. Kauli hiyo imeshapimwa, na imepimwa Kenya. Mwaka 2006 watafiti Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walikwenda Bumala, mji mdogo wa soko katika Busia, wakawachagua kwa kura baadhi ya wachuuzi wa sokoni na waendesha baiskeli za boda boda, wakawalipia gharama ya kufungua akaunti katika benki ya kijiji. Akaunti zenyewe hazikuwa na utamu wowote. Hazikulipa riba hata senti, na kutoa pesa kulitozwa ada. Mtu mwenye akili za kawaida angesema hakuna atakayezitumia.

Wanawake wa sokoni walizitumia. Si wote, lakini wa kutosha, na uwekezaji wao katika biashara ulipanda kwa zaidi ya theluthi ukilinganishwa na wenzao waliokosa kura. Walikuwa tayari kulipia haki ya kuweka pesa mahali ambapo haziguswi ovyo. Anayewaita watu hao wasio na nidhamu ajiulize ni nani katika maofisi ya Nairobi anayekubali akiba yake ipungue ili tu iwe salama. Kwa waendesha boda boda, ambao walikuwa wanaume, akaunti hazikuleta badiliko lililoonekana. Jambo hilo lisifichwe. Linaonyesha kwamba akaunti inamsaidia zaidi anayeandamwa na madai mengi ya nyumbani, na katika masoko ya Thika na Ruiru huyo kwa kawaida ni mwanamke.

Wapinzani wana utafiti wao pia, na aliyeuandika ni Dupas huyohuyo na wenzake, uliochapishwa 2018. Walitoa akaunti za bure Uganda, Malawi na Chile, na wengi wa waliopewa hawakuzigusa. Ndiyo maana baadhi ya wachumi siku hizi huinua mabega: mpe maskini akaunti, ataiacha ilale. Lakini somo la matokeo hayo liko kwenye vitu vinavyoizunguka akaunti. Benki ikiwa mbali, ada ya kutoa ikiwa kubwa na kipato kikiwa chembamba mno, akaunti italala, iwe ya bure au ya kununua. Mchuuzi wa Thika hana tatizo la umbali. Katikati ya mji benki zimepangana, na mawakala wa benki wamo mpaka ndani ya mitaa tangu Benki Kuu ilipotoa mwongozo wa uwakala mwaka 2010. Kinachomzuia kimekaa mezani, ndani ya benki.

Afisa wa akaunti za biashara atamwomba kitambulisho. Anacho. Ataomba PIN ya KRA, kama sheria ya taratibu za kodi ya 2015 inavyotaka, pengine anayo. Ataomba cheti cha usajili wa jina la biashara, kinachogharimu KSh 950 kwenye eCitizen, na kibali cha biashara cha kaunti cha mwaka huu. Hapo wengi wanageuka. Uchunguzi ule wa Shirika la Takwimu wa 2016 ulihesabu biashara ndogo na za kati takriban milioni 7.41 nchini, na zilizokuwa na leseni zilikuwa milioni 1.56 tu. Kwa hesabu hiyo, sharti la karatasi linawafungia nje karibu wanne kati ya kila watano kabla hawajatamka neno.

Hawakuikimbia karatasi kwa uvivu. Wanaogopa kodi, na woga huo una hesabu ndani yake. Tangu Julai 2023 kodi ya mauzo ni asilimia 3 kwa biashara inayouza kati ya KSh milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka. Anayeuza nyanya za 4,000 kwa siku, siku 300 za mwaka, amefikisha 1,200,000, naye anadaiwa 36,000. Kodi hiyo hukatwa kwenye mauzo bila kutazama faida. Akiwa anabakiwa na 800 kwa siku baada ya kreti, usafiri na nyanya zilizooza, kwa mwaka amepata 240,000, na serikali imechukua asilimia 15 ya jasho lake. Kwa mtu kama huyo, taarifa ya akaunti yenye jina la biashara ni hati ya mashtaka. Wizara ya Fedha haiwezi kuhimiza wachuuzi waende benki kwa mkono mmoja na kuwanasa mlangoni kwa mkono mwingine. Atakayetaka amana za wachuuzi zihesabike katika uchumi rasmi aanze kwa kuipandisha ile milioni 1, ambayo mwenye kibanda cha kawaida tu anaivuka kwa kuuza 2,740 kila siku.

Benki nazo zina historia, na watu wa Kiambu na Murang'a wanaikumbuka. Katika miaka ya 1990 benki kubwa za kigeni zilifunga matawi ya miji midogo na kupandisha salio la chini mpaka mkulima wa kahawa na mwalimu wa msingi wakajikuta nje. Waliokotwa na nani? Na chama cha nyumba kilichoanzia Kangema mwaka 1984, kikawa kimefilisika kwa vitabu ilipofika 1993, kisha kikaamua kumfungulia akaunti mtu yeyote mwenye kitambulisho, bila salio la chini, na kumfuata kwa magari mpaka kwenye vituo vya chai. Chama hicho, Equity, kikawa benki kamili mwishoni mwa 2004 na leo ni miongoni mwa kubwa kabisa Afrika Mashariki. Ilijengwa kwa amana za watu ambao wataalamu walisema hawana cha kuweka. Hoja kwamba mteja mdogo hana faida kwa benki ilishakanushwa si mbali na Thika, miaka 20 na zaidi iliyopita, na bado inasomwa kwenye mikutano kama maandiko.

Hata sheria ilipojaribu kumtetea mweka amana mdogo, ilizungukwa. Septemba 2016 Kenya iliweka ukomo wa riba za mikopo, na kifungu kilichosahaulika cha sheria hiyo kilizitaka benki zilipe kwa amana zenye riba angalau asilimia 70 ya kiwango cha Benki Kuu, wakati huo ikiwa takriban asilimia 7 kwa mwaka. Ingekuwa neema kwa mwenye akiba ndogo. Badala yake benki zilizibadilisha akaunti nyingi za akiba kuwa akaunti za miamala, ambazo hazina riba na kwa hiyo hazikuguswa na sheria. Kifungu chenyewe kiliondolewa 2018, na ukomo mzima ukafuata Novemba 2019. Mjadala wa kitaifa wakati wote huo ulikuwa juu ya wakopaji. Mweka amana hakuwa na msemaji.

Mtu anaweza kuuliza, na huulizwa sana Thika: kwa nini mchuuzi aiamini benki, ikiwa benki zenyewe huanguka? Imperial Bank ilifungwa Oktoba 2015. Chase Bank, iliyokuwa kipenzi cha wafanyabiashara wadogo na vyama vya akiba, iliwekwa chini ya usimamizi Aprili 2016, na waliokuwa na fedha nyingi walingoja miaka miwili kuona sehemu yake ikihamishiwa benki ya SBM. Majeraha hayo ni ya kweli. Lakini ni lazima yapimwe na yale ya upande wa pili. Mipango ya upatu iliyoporomoka 2007 iliwaangamiza watu karibu 150,000 na zaidi ya KSh bilioni 8, kwa mujibu wa kikosi kazi cha serikali. Mwaka 2018 Ekeza, sacco (chama cha akiba na mikopo) iliyovuna wanachama wengi katika maeneo haya ya Kiambu, ilifutiwa leseni, na watu waliokuwa wakidunduliza mamia kwa mamia walibaki wakizunguka ofisini kwa Kamishna wa Ushirika.

Tofauti ni moja na ni kubwa. Aliyeweka benki analindwa na KDIC, shirika la serikali la bima ya amana, ambalo tangu Julai 2020 hulipa hadi KSh 500,000 kwa kila mweka amana benki ikifungwa. Kabla ya hapo ilikuwa 100,000. Kwa muuza nyanya na fundi wa geti, 500,000 ni mtaji wote na zaidi. Mwenye akiba sacco hana kinga ya aina hiyo, ingawa sheria ya sacco ya 2008 iliahidi mfuko wa dhamana. Aliyeweka kwa mweka hazina wa chama cha kuchangiana kwa zamu ana imani tu. Watu wanaohitaji bima hiyo kuliko wote ndio wasioifikia, na matajiri wa Runda wenye akaunti tano katika benki tano wanaipata mara tano.

Chama chenyewe kisitukanwe. Bila vyama Thika isingekuwa na nusu ya maduka yake. Lakini chama hutoa kwa zamu, na zamu haingoji bei ya nyanya ishuke. Mama ambaye zamu yake ni Novemba hawezi kununua kwa bei nzuri ya Agosti.

Kwenye ada ndiko ukaidi wa walio juu unakoonekana wazi. Kutoa KSh 500 kwa wakala wa M-Pesa kunagharimu KSh 29, karibu asilimia 6 ya fedha yenyewe. Machi 2020, korona ilipoingia, Benki Kuu iliondoa ada za kuhamisha pesa kati ya akaunti za benki na mikoba ya simu. Kwa karibu miaka mitatu muuza duka wa Ruiru aliweza kufunga hesabu jioni, akasukuma mauzo yake benki, akayarudisha asubuhi kwenda sokoni, bila kukatwa. Benki na simu zilikuwa zimeunganishwa. Kisha Januari 2023 ada zikarudi, zikiwa zimepunguzwa lakini zimerudi, na mazoea mema yaliyokuwa yameanza kuota yakatozwa tena kila siku, kwenda na kurudi. Benki Kuu yenyewe ilishaonyesha kwamba inaweza. Iliondoa ada kwa sababu ya virusi. Inaweza kuziondoa kwa akaunti za biashara ndogo kwa sababu ya riziki.

Kinachodaiwa hapa kinaelezeka kwa sentensi chache. Akaunti ya amana yenye jina la biashara, inayofunguliwa kwa kitambulisho na laini ya simu, yenye ukomo wa salio ili isiwe kichaka cha wezi. Isiyo na salio la chini wala ada ya kila mwezi. Inayolipa riba, hata ikiwa ndogo, na iliyo chini ya KDIC kwa jina la mwenyewe. Inayopokea pesa kutoka simu na kuzirudisha bure, angalau mara moja kwa siku. India ilianza kufungua akaunti zisizo na salio la chini Agosti 2014, na miaka tisa baadaye zilikuwa zimepita milioni 500. Nyingi zililala mwanzoni, nyingi baadaye zikaamka.

Na kama benki inataka ushahidi kwamba biashara ipo, ushahidi haukosekani. Kila asubuhi mkusanya ada wa Kaunti ya Kiambu hupita kati ya meza za soko akitoza kila mchuuzi. Kaunti inamjua mama huyu, inajua meza yake, inajua siku aliyokuja na siku aliyougua. Risiti hizo, zikikusanywa kwa miezi mitatu, zinaeleza uhai wa biashara kuliko cheti chochote cha eCitizen. Waraka mmoja wa Benki Kuu unaweza kuzipa risiti hizo hadhi ya kibali mbele ya afisa wa akaunti. Mama aziweke mezani zikiwa zimefungwa kwa mpira, afisa azihesabu, achukue nakala ya kitambulisho, aandike jina la biashara kama mwenyewe anavyolitamka, na mama awe amesharudi Madaraka kabla lori la pili la nyanya halijamaliza kushusha.